Wilbur Wright: Fundi baiskeli aliyezitilia shaka hesabu za kuruka

WILBUR Wright, aliyezaliwa Aprili 16, 1867 katika jimbo la Indiana, Marekani, hakuwa na shahada wala fedha za serikali. Yeye na mdogo wake, Orville, walikuwa wakiuza na kutengeneza baiskeli mjini Dayton, Ohio.

Kiangazi cha mwaka 1901, ndege yao isiyo na injini iliwaaibisha katika vilima vya mchanga karibu na Kitty Hawk. Ilitoa takriban theluthi moja tu ya nguvu ya kuinuka waliyoikokotoa kwa majedwali ya Mjerumani Otto Lilienthal, aliyefariki dunia mwaka 1896 baada ya kuanguka na chombo cha aina hiyo. Wilbur alirejea nyumbani akiamini kuwa kizazi chake hakitaona mtu akiruka.

Hata hivyo, badala ya kuendelea kubahatisha, ndugu hao waliamua kuzihoji hesabu zenyewe. Waliunda sanduku refu la mbao lenye feni, wakapima humo maumbo yapatayo 200 ya mabawa madogo. Huo ndio uliokuwa ushindi wao halisi, ingawa hakuna aliyeushangilia.

Desemba 14, 1903, Wilbur alishinda kura ya sarafu na kuwa wa kwanza kujaribu ndege yenye injini. Aliinua pua kupita kiasi, ikadondoka mchangani. Ikatengenezwa, na Desemba 17 Orville akaruka kwa sekunde 12. Karibu na saa sita mchana, Wilbur akakaa angani sekunde 59, umbali wa meta 260.

Homa ya matumbo ilimuua Mei 30, 1912, akiwa na umri wa miaka 45. Orville aliishi hadi mwaka 1948.