Mwami Rudahigwa na ndoa zake mbili

Kila mwaka nikifundisha historia hapa Gisenyi na kufika kwa Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa, wanafunzi huniuliza maswali mawili. La kwanza ni juu ya kifo chake. La pili, ambalo huulizwa zaidi na wasichana, ni juu ya mke wake wa kwanza: alikwenda wapi? Kwa swali la kwanza vitabu vina kurasa nyingi. Kwa la pili vina mstari mmoja tu. Leo nitayasimulia maisha ya Mwami huyu kwa upande wa ndoa zake, maana sisi tuliorudi kutoka ukimbizini, pamoja na ninyi mnaofanya biashara ya mpakani, tuna la kujifunza hapo.

Rudahigwa alizaliwa mwaka 1911. Baba yake, Mwami Yuhi wa Tano Musinga, alikuwa na wake wengi kama ilivyokuwa desturi ya ikulu, na alikataa kubatizwa. Wabelgiji hawakumpenda, na wamisionari hawakumpenda. Novemba 1931 walimwondoa katika kiti na kumpeleka Kamembe. Baadaye walimhamishia Moba, Kongo, akafia huko mwaka 1944. Siku chache baada ya baba kuondolewa, mtoto aliwekwa kuwa Mwami. Alikuwa kijana wa miaka 20, aliyesoma shule ya watoto wa machifu pale Nyanza, na Wabelgiji waliona kwamba huyu wangeweza kufanya naye kazi.

Mwaka 1933 Rudahigwa alimwoa Nyiramakomali kwa desturi za Kinyarwanda. Mahari ilitolewa, koo mbili zikaungana, na nchi nzima ikajua kwamba Mwami ana mke. Ndoa hiyo haikupata mtoto. Kwa mila za wakati ule mke asiyezaa aliweza kurudishwa kwao, na mwanamume aliweza pia kuoa mwingine juu yake. Baba yake Rudahigwa angechagua njia hiyo ya pili bila shida yoyote. Lakini Rudahigwa alikuwa amekwisha kuanza mafundisho ya dini, na Kanisa lilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala kwa mtu anayetaka ubatizo: mke mmoja tu. Basi yeye na Nyiramakomali wakaachana.

Mwaka 1942 alimwoa Rosalie Gicanda, msichana Mkristo, kwa ndoa ya Kikristo. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Oktoba 1943, Mwami mwenyewe alibatizwa pamoja na mama yake, Kankazi. Alipewa majina ya Charles Léon Pierre, na baba yake wa ubatizo alikuwa Pierre Ryckmans, Gavana Mkuu wa Kongo ya Kibelgiji. Mwaka 1946 aliiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Machifu na raia kwa maelfu walimfuata kanisani. Ndoa ya kanisani ikawa ndiyo ndoa ya mtu mwenye heshima, na ile ya mila peke yake ikaanza kuonekana kama nusu ya ndoa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hulipita haraka. Ndoa ya pili nayo haikupata mtoto. Mwami alikuwa na kiti kinachohitaji mrithi, na wazee wa ikulu walijua dawa ya zamani ya tatizo hilo. Lakini safari hii alikuwa amefunga ndoa isiyovunjika. Hakumrudisha Gicanda kwao, wala hakuoa mwingine. Alikaa naye miaka 17, hadi kufa kwake. Katika miaka hiyo alifanya mambo makubwa, likiwemo lile la mwaka 1954 la kuanza kuuondoa ubuhake, yaani utumishi wa kupewa ng'ombe. Lakini mtoto hakuacha.

Tarehe 25 Julai 1959 alifariki ghafla mjini Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, baada ya kudungwa sindano na daktari. Maiti haikupasuliwa kuchunguzwa, na maneno juu ya kifo hicho hayajaisha hadi leo. Siku tatu baadaye, kaburini Mwima karibu na Nyanza, mrithi alitangazwa: ndugu yake wa baba mmoja, Jean-Baptiste Ndahindurwa, kijana wa miaka 23, akaitwa Kigeli wa Tano. Miezi michache tu baadaye nchi iliwaka moto, na wazee wetu wakaanza kuvuka mipaka.

Gicanda hakukimbia. Alibaki Rwanda, akaishi Butare miaka mingi kama mjane, na watu wakaendelea kumheshimu kama malkia. Aliuawa tarehe 20 Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Amezikwa Mwima, mahali alipozikwa mumewe. Nyiramakomali alibakia na ule mstari mmoja.

Kwa nini nayasimulia haya katika gazeti linalosomwa na wafanyabiashara? Kwa sababu wanawake hawa wawili waliolewa na mtu mmoja, kila mmoja kwa njia iliyokuwa halali machoni pa watu wake. Tofauti ilikuwa kwamba ndoa ya kwanza ililindwa na mila wakati mila imekwisha kupungua nguvu, na ya pili ililindwa na Kanisa wakati Kanisa lina nguvu kuliko wote. Leo mwenye nguvu hiyo ni sheria ya serikali. Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 ilisema, na marekebisho ya mwaka 2015 yakarudia, kwamba ndoa inayotambuliwa ni ile ya serikali, ya mume mmoja na mke mmoja. Mahari peke yake haitoshi. Misa peke yake haitoshi. Nikaha ya sheikh peke yake haitoshi. Ni lazima kufika ofisi ya sekta, kushika bendera na kula kiapo mbele ya msajili.

Sisi tuliokulia nje tulizoea mengine. Tanzania, nilikosoma mimi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa padri au sheikh aliyesajiliwa uwezo wa kufungisha ndoa inayotambuliwa na serikali, na inakubali hata ndoa ya wake wengi. Kongo ya jirani, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inakubali ndoa iliyofungwa kimila katika familia, lakini inataka iandikishwe. Mtu akivuka mpaka na ndoa yake, asidhani kwamba kila upande unaisoma vilevile.

Mama yangu alifunga ndoa kanisani huko Karagwe. Ilikuwa ndoa halali kabisa, lakini cheti kilipotea katika safari ya kurudi. Baba alipofariki, ndugu zake walidai kiwanja, na ofisi moja ikamtaka mama athibitishe kwamba alikuwa mke. Alikuwa na watoto sita na picha moja ya harusi. Ilituchukua karibu miaka miwili kupata nakala kutoka daftari la parokia. Muda wote huo mama alilala katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake kama mgeni.

Sheria ya mwaka 1999 ilimpa mke wa ndoa haki katika mali na urithi, na ikawapa maharusi nafasi ya kuchagua: mali yote iwe ya pamoja, au ile watakayochuma tu, au kila mmoja abaki na yake. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2016, na mambo ya familia yakatungiwa sheria mpya tena mwaka 2024, lakini mlango wa kuingilia ni uleule: uandikishwe kwanza. Mama anayezungusha mtaji kati ya Gisenyi na Goma, akijenga nyumba na mwanamume kwa ndoa ya msikitini au kanisani tu, siku ya msiba au ya ugomvi atasimama pale aliposimama mama yangu, na huenda yeye asiwe na hata daftari la parokia la kumwokoa.

Sisemi dini iachwe. Rudahigwa aliishika ahadi yake ya kanisani hata ilipomnyima mrithi, na kwa hilo namheshimu. Nasema baraka ya Mungu itafutwe, na karatasi ya sekta itafutwe pia. Wanafunzi wangu wakiuliza tena Nyiramakomali alikwenda wapi, huwajibu kwamba alirudi kwao. Halafu huwaomba wakaulize nyumbani kama mama zao wameandikishwa.