Mtakatifu Rafaeli Kalinowski, Muungamishi wa Wadowice

Tukisikia Wadowice, mji mdogo kusini mwa Polandi, wengi wetu tunamkumbuka Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyezaliwa huko mwaka 1920. Lakini kabla yake, mji huo ulikuwa na mtakatifu mwingine.

Józef Kalinowski alizaliwa Vilnius tarehe 1 Septemba 1835, chini ya utawala wa Urusi. Alisomea uhandisi katika chuo cha kijeshi cha Saint Petersburg, akawa ofisa wa jeshi. Katika ujana wake aliacha sakramenti kwa miaka mingi, akarudi kwenye kitubio mwaka 1863.

Mwaka huohuo Wapolandi waliasi. Kalinowski aliona kwamba hawatashinda, ila hakutaka kuwaacha ndugu zake. Alikubali kusimamia mambo ya vita huko Vilnius kwa sharti moja: hatamhukumu mtu yeyote kifo. Mwaka 1864 alikamatwa, naye akahukumiwa kifo. Adhabu hiyo ilibadilishwa kuwa miaka 10 ya kazi ngumu Siberia, kwenye viwanda vya chumvi. Huko uhamishoni aliwafariji wenzake na kuwafundisha watoto katekisimu.

Aliachiwa mwaka 1874. Miaka mitatu baadaye, akiwa na umri wa miaka 42, alianza unovisi wa Wakarmeli Peku huko Graz, Austria, akaitwa Rafaeli wa Mtakatifu Yosefu. Alipadrishwa Czerna, karibu na Krakow, tarehe 15 Januari 1882. Mwaka 1892 alianzisha monasteri Wadowice, pamoja na seminari ndogo. Humo aliungamisha watu kwa saa nyingi, hadi alipofariki tarehe 15 Novemba 1907.

Sisi tunaojiandaa kwa upadri tuna la kujifunza hapa. Padre Rafaeli alijua kwa maisha yake mwenyewe jinsi ilivyo kukaa mbali na Mungu, na jinsi ilivyo kuhukumiwa. Aliyekuja kwake baada ya miaka mingi hakukutana na mgeni wa njia hiyo.

Kijana Karol Wojtyła alivishwa skapulari katika monasteri hiyohiyo. Akiwa Papa, tarehe 17 Novemba 1991, alimtangaza Padre Rafaeli kuwa mtakatifu. Kama kuna kati yetu aliyekaa muda mrefu bila kuungama, asiogope kurudi. Mtakatifu Rafaeli Kalinowski, utuombee.