Schaudinn: Aliyekosea kwa bundi, akapatia kwa kaswende

Fritz Schaudinn alizaliwa mwaka 1871 huko Prussia Mashariki, Ujerumani. Alipoingia chuo kikuu mjini Berlin alikusudia kusoma lugha, lakini punde akahamia elimu ya wanyama. Akavutiwa hasa na viumbe wa seli moja, wale wasioonekana bila hadubini.

Mwaka 1901 alipelekwa Rovigno, mji wa pwani ambao leo uko Kroatia. Huko alichunguza damu ya bundi wadogo wa porini. Ndani yake aliona vimelea vya aina kadhaa: vingine vimejificha ndani ya seli za damu, vingine vikiogelea kwa mkia, jamaa wa vile vinavyoleta malale. Aliwaacha mbu wawanyonye bundi hao, kisha akawapasua mbu na kutazama matumboni mwao. Humo akakuta pia vijidudu vyembamba vilivyojisokota. Mwaka 1904 akatangaza kwamba vyote hivyo ni hatua za maisha ya kimelea kilekile.

Alikosea. Bundi wa porini huweza kubeba vimelea vya aina mbili au tatu kwa pamoja, na Schaudinn alivichanganya. Mwaka 1905 Novy na MacNeal wa Marekani waliotesha vimelea vya ndege maabarani na kuonyesha kwamba vile vyenye mkia ni viumbe wanaojitegemea. Wala si mbu anayeeneza vile vya kwenye seli. Baadhi huenezwa na inzi weusi wa mitoni, jamii ileile inayoeneza ugonjwa wa usubi kwetu Afrika.

Hata hivyo, kazi ile ya bundi haikupotea bure, kwani ilimzoeza kutazama vijidudu vilivyojisokota. Machi 1905, akiwa Berlin, alipewa kidonda cha mgonjwa wa kaswende akichunguze pamoja na daktari wa ngozi Erich Hoffmann. Akaona kijidudu chembamba mno, cheupe hafifu, ambacho wengi wangekipita bila kukiona. Hicho ndicho chanzo cha kaswende, ugonjwa uliokuwa umewatesa watu wa Ulaya kwa takriban miaka 400. Safari hii hakuharakisha kutoa hukumu. Yeye na mwenzake waliandika kwa tahadhari kubwa.

Hakuishi kufaidi sifa hizo. Alikuwa na majipu ya amiba, kimelea alichokuwa amejiambukiza mwenyewe katika utafiti, na alifariki Hamburg Juni 1906 akiwa na miaka 34.

Jina lake kubwa liliacha kosa jingine. Mwaka 1903 alidai kuona vimelea vya malaria vikiingia moja kwa moja kwenye seli nyekundu za damu baada ya mbu kuuma. Wengi walimwamini hadi mwaka 1948, pale Shortt na Garnham, huyu wa pili akiwa amefanya kazi Kenya kwa miaka mingi, walipoonyesha kwamba vimelea hivyo hupitia kwanza kwenye ini.