Martin Couney, bwana aliyewaonyesha watoto njiti kwa senti 25

Usiku wa Idi pili tuliwapeleka watoto kwenye viwanja vya kufurahishia watoto hapa Muscat. Mjukuu wangu mdogo, ana miaka minane sasa, kapanda farasi wa kuzunguka mara nne, na kila akipita mbele yangu ananipungia mkono. Mie nimekaa na kikombe changu cha kahawa naangalia taa. Wenzangu wa rika langu walikuwa wanakumbushana sikukuu za Mnazi Mmoja, Unguja: pembea za mbao zinazosukumwa kwa mikono, senti tulizopewa nyumba kwa nyumba, kanzu mpya inayowasha shingo. Kila mmoja akataja kilichopotea na akasikitika.

Nami nikawaambia kuna kitu kimoja cha viwanja vya michezo ambacho sikupata kukiona, maana kilikwisha kabla sijazaliwa, lakini nakikumbuka kuliko pembea zote. Na namshukuru Mungu kwamba kimepotea. Wakanicheka. Basi ngojeni niwasimulie na nyie, wasomaji.

Mjukuu huyu alizaliwa wiki ya 28. Mtoto njiti hasa, kilo moja na kidogo. Alikaa siku 61 ndani ya inkubeta, lile sanduku la kioo lenye joto, na mie nikawa nakaa kwenye korido ya hospitali baada ya kila Alasiri mpaka wanifukuze. Siku moja mwanangu, kwa kutafuta la kunituliza, akanisomea kwenye simu habari za mtu anaitwa Martin Couney. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata juu yake.

Couney alizaliwa mwaka 1869 katika mji wa Krotoszyn, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Prussia na leo uko Poland. Familia yake walikuwa Mayahudi, na jina alilozaliwa nalo ni Michael Cohn. Mwaka 1888 akiwa kijana wa miaka 19 akahamia Marekani. Baadaye akabadilisha jina, na akaanza kujiita daktari. Alikuwa akisimulia kwamba kasomea Ulaya na kwamba alikuwa mwanafunzi wa Pierre Budin, bingwa wa watoto wachanga wa Paris. Wanahistoria wamefukua sana, shahada yake hawakuiona. Kwa kifupi, bwana huyu hakuwa daktari.

Sasa tuseme kidogo juu ya mashine yenyewe. Mfaransa mmoja, Étienne Tarnier, mkunga mkuu wa hospitali ya uzazi Paris, aliona mashine za kutotoleshea vifaranga, akajiuliza kwa nini mtoto wa binaadamu asipate joto kama hilo. Mwaka 1880 akatengenezewa ya watoto. Zikaja nyingine bora zaidi, za chuma na kioo, maji ya moto yakipita kwenye bomba chini ya kitanda, na hewa safi ikivutwa kutoka nje. Mashine zikawapo, lakini hospitali nyingi hazikuzitaka. Zilikuwa ghali, na zilihitaji wauguzi usiku na mchana. Madaktari wengi waliona mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake ni wa kuachiwa Mungu tu. Kulikuwa na wengine wabaya zaidi, waliosema wazi kwamba viumbe dhaifu ni bora wasiishi, wasije wakadhoofisha taifa.

Hapo ndipo Couney alipopata upenyo. Kama hospitali hazitaki kulipa, watalipa watu wanaokuja kutembea. Mwaka 1897 alionyesha watoto ndani ya inkubeta kwenye maonyesho ya Earls Court, London, na watu wakajaa. Mwaka uliofuata alikuwa Omaha, Marekani. Mwaka 1901 alikuwa Buffalo. Na mwaka 1903 akafika mahali alipokaa miaka 40: Coney Island.

Coney Island iko pwani ya Brooklyn, New York. Mtu asiyeijua aifikirie sikukuu isiyokwisha majira yote ya joto. Luna Park, iliyofunguliwa mwaka huo huo wa 1903, ilikuwa na taa za umeme robo milioni, wakati majumba mengi duniani yalikuwa bado yanawasha kandili. Ulikata tiketi ukapelekwa safari ya mwezini, na tembo waliteleza kwenye bwawa la maji. Jirani yake, Dreamland, ikafunguliwa mwaka 1904. Humo mlikuwa na mji mzima wa watu wafupi, na jumba la kuigiza moto ambalo wazimamoto walilizima kila siku mbele ya watazamaji. Katikati ya vurugu hilo, soseji zinakaangwa na bendi zinapigwa, pakawa na jengo safi lenye maandishi makubwa kwamba ndani mna watoto wachanga walio hai. Mlangoni amesimama mpiga debe, anaita watu.

Kiingilio kwa miaka mingi kilikuwa senti 25. Ukiingia unasimama nyuma ya reli, mbele yako masanduku ya kioo yamepangwa, ndani mna watoto kama viganja vya mikono. Muuguzi wake mkuu, Louise Recht, alikuwa akivua pete yake kidoleni akaipitisha kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, ili watu waone udogo wake. Watoto walivalishwa nguo kubwa makusudi, kwa sababu hiyo hiyo. Wallahi ilikuwa biashara, tusijifiche.

Lakini hebu tazama upande wa pili. Kumtunza mtoto mmoja kuligharimu kiasi cha dola 15 kwa siku, pesa nyingi sana zama zile, na mzazi hakutozwa hata senti moja. Mtoto tajiri au maskini, mweupe au mweusi, alipokewa. Wauguzi walikuwa wa kusomea, na madaktari wa kweli walikuwepo. Maziwa yalikuwa ya wanawake wanyonyeshaji waliolipwa na kulishwa chakula kizuri, na aliyekamatwa anakula soseji za barabarani alifukuzwa kazi. Watoto wasioweza kunyonya walilishwa tone kwa tone. Usafi ulikuwa wa kupindukia. Mwaka 1904 watu wengine waliiga maonyesho hayo huko St. Louis bila ya uangalifu wake, na watoto wengi wakafa kwa kuharisha. Hapo ikaonekana kwamba kioo na joto peke yake havitoshi.

Maneno yalisemwa. Jumuiya za kuwalinda watoto zilitaka wamfunge, kwamba anawafanya viumbe wa Mungu tamasha kama wanyama. Madaktari wakamdharau, na wakati huo huo baadhi yao wakawa wanampelekea watoto kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1920 mwanamke mmoja alijifungua pacha New York. Mmoja akafa. Hospitali wakamwambia baba kwamba na wa pili hana maisha. Mfa maji haachi kutapatapa. Baba akamfunga mtoto kwenye taulo, akasimamisha teksi, akampeleka Coney Island. Bibi huyo aliishi kupita miaka 90.

Couney mwenyewe yalimkuta. Mwaka 1903 alimuoa Annabelle Maye Segner, muuguzi, na mwaka 1907 wakapata binti, Hildegarde. Akazaliwa kabla ya wakati. Baba akamtia kwenye masanduku yake mwenyewe, akakua, akawa muuguzi akamsaidia baba yake kazi ile ile. Mie nilipofika hapo nilimwambia mwanangu asite kidogo kusoma.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 1911 Dreamland ilishika moto wa kweli. Mnara, mabwawa, jumba la kuigiza moto, vyote vikawa majivu. Watoto wa inkubeta wakatolewa wote wazima wakapelekwa Luna Park.

Katika maonyesho makubwa ya Chicago ya 1933 na 1934, daktari mashuhuri wa watoto, Julius Hess, alisimama pamoja naye bila ya kujificha. Hess ndiye aliyeandika mwaka 1922 kitabu cha mwanzo Marekani juu ya watoto njiti, na humo alimshukuru Couney. Julai 1934 wakawaita watoto waliookolewa mwaka wa nyuma, wakaja 41 na mama zao, wamenenepa, wanalia kwa nguvu. Watu wakawaona hao ambao madaktari walikuwa wamewakatia tamaa.

Annabelle akafariki mwaka 1936. Maonyesho ya New York ya 1939 yakamtia hasara kubwa. Mwaka 1943, hospitali moja kubwa ya New York ilipofungua wadi yake ya watoto njiti, Couney akafunga kibanda cha Coney Island, akaona kazi yake imekwisha. Mwaka uliofuata Luna Park nayo ikaungua. Yeye akafariki tarehe 1 Machi 1950, hana mali ya kutajika. Inakadiriwa kwamba katika watoto 8,000 waliopita mikononi mwake, kama 6,500 waliishi.

Mgala muue na haki yake mpe. Alisema uongo juu ya elimu yake, na aliwaweka watoto wa watu mbele ya macho ya walanguzi na walevi. Nimejiuliza mara nyingi, ningekuwa mie yule baba wa 1920, ningekubali mjukuu wangu atazamwe kwa senti 25? Jawabu ninalo, wala halinichukui muda.

Mama yangu alimzaa mtoto wa miezi saba, Unguja, kabla yangu. Bibi akamfunga pamba, akamweka karibu na mkaa siku tatu mchana na usiku, bila ya kulala. Siku ya nne wakamzika. Mama alikuwa akimtaja kila Idi, mpaka kafa. Wakati huo mashine zilikuwapo duniani zaidi ya miaka 60. Hazikufika kwetu, basi.

Wenzangu kwenye benchi walikuwa hawacheki tena. Mjukuu akateremka farasini, akataka tiketi ya tano. Nikampa riali, akakimbia. Mkaza mwanangu ameihifadhi bangili ya plastiki aliyovalishwa hospitali siku ile ya kwanza, ina jina la mama na tarehe. Nyumbani huwa naichukua nikaijaribu kidoleni. Kidole cha shahada inaingia. Kidole gumba haipiti.