Caroline Herschel: binti wa jikoni aliyepewa darubini ndogo

Katika jamaa zetu bado kuna mabinti wanaobaki nyumbani kwa sababu mama anahitaji mikono ya kufua na kupika. Wazazi wao si watu wabaya. Kazi ni nyingi, na fedha ya masomo inaenda kwanza kwa wavulana. Maisha ya Caroline Herschel, aliyefariki zaidi ya miaka 170 iliyopita, yanatuonyesha kile kinachoweza kufichwa ndani ya binti wa namna hiyo.

Caroline alizaliwa tarehe 16 mwezi wa tatu mwaka 1750 katika mji wa Hannover, Ujerumani, ndani ya jamaa ya Kiprotestanti ya Kilutheri. Baba yake, Isaac, alikuwa mpiga muziki wa jeshi. Yeye alitaka watoto wake wote wajifunze. Usiku mmoja wa baridi alimtoa Caroline nje barabarani, akamwonyesha makundi ya nyota. Lakini mama yake, Anna, aliona kwamba elimu ndiyo iliyowachukua watoto wake wa kiume mbali naye. Kwa hiyo aliamua kwamba binti huyu ajue kusoma na kuandika, kisha abaki kufuma soksi, kushona na kuhudumia nyumba.

Magonjwa nayo yalimwandama. Alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na ndui, ikamwachia makovu usoni. Alipofika miaka kumi, homa kali ilimzuia kukua, na hata alipokuwa mtu mzima urefu wake haukupita sana sentimita 130. Jamaa yake waliona kwamba hakuna mwanamume atakayemwoa. Baba alipofariki mwaka 1767, Caroline alibaki kama mtumishi asiye na mshahara katika nyumba ya mama yake.

Kaka yake William alikuwa amekwenda Uingereza tangu mwaka 1757, akawa mpiga kinanda wa kanisa la Octagon katika mji wa Bath. Mwaka 1772 alirudi Hannover kumchukua dada yake. Mama hakutaka kumpoteza mfanyakazi wake. Ndipo William alipokubali kumpa mama fedha kila mwaka ili aajiri mtu mwingine wa kufanya kazi za Caroline. Kwa bei hiyo binti wa miaka 22 aliondoka jikoni.

Kule Bath, William alimfundisha Kiingereza, hesabu na kuimba, mara nyingi wakati wa chakula cha asubuhi. Baada ya miaka michache Caroline alisimama mbele ya watu kama mwimbaji mkuu, akiimba pia katika kazi ya Handel inayoitwa Masiya. Lakini William alikuwa ameshikwa na hamu nyingine. Alikuwa amesoma vitabu juu ya nyota, na darubini nzuri zilikuwa ghali kupita uwezo wake. Mwaka 1773 alianza kujitengenezea mwenyewe. Aliyeyusha shaba na bati, akamimina kioo cha chuma, kisha akakisugua kwa mkono mpaka kiwe laini kabisa. Kusugua hakukuweza kukatizwa, maana kioo kingeharibika. Siku moja William hakuondoa mikono yake kwa muda wa saa 16, na Caroline alikuwa akimtilia chakula mdomoni na kumsomea kitabu.

Tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 1781, kwa darubini aliyojitengenezea, William aliona sayari ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameitambua, ile tunayoiita leo Uranus. Mfalme George wa 3 alimpa mshahara wa pauni 200 kwa mwaka, na mwaka 1782 ndugu hao wawili walihamia Datchet, karibu na jumba la mfalme kule Windsor. Muziki wa Caroline uliishia hapo. Hakuna aliyemwuliza kama alipenda kuuacha.

Ni wakati huo alipopewa darubini yake ya kwanza, ndogo, yenye lenzi. William alimwagiza apitishe jicho mbinguni polepole na kuandika kila kitu cha ajabu atakachokiona, hasa nyota zenye mkia. Mwanzoni hakuifurahia kazi hiyo. Alikaa peke yake usiku kwenye majani yenye umande na baridi, bila mtu wa karibu wa kusema naye. Tena hakujua nyota vizuri, ikambidi ajifunze ramani ya mbingu hatua kwa hatua, kwanza kwa macho, kisha kwa darubini.

Mwaka 1783 William alimtengenezea nyingine, ya kioo, yenye urefu wa sentimita 70 hivi na kioo chenye upana wa karibu sentimita 10. Leo watu wengi wanaoanza kutazama nyota wananunua darubini za ukubwa huo. Haikuwa na nguvu ya kukuza sana, lakini hiyo ndiyo ilikuwa faida yake. Darubini inayokuza sana inaonyesha sehemu ndogo tu ya mbingu, na yule anayetafuta hupotea upesi. Ile ya Caroline ilionyesha kwa mara moja sehemu yenye upana wa miezi minne hivi ikipangwa sambamba. Aliisogeza taratibu mpaka amalize mstari mmoja, akahamia mstari mwingine.

Je, alitambuaje nyota yenye mkia? Ikiwa mbali, mara nyingi mkia hauonekani. Inafanana na doa la ukungu, na mbinguni kuna madoa mengi ya namna hiyo ambayo hayasogei. Mfaransa Charles Messier alikuwa amekwisha kuandika orodha ya mengi kati yao ili watafutaji wasidanganyike. Caroline alilinganisha kila doa na orodha hiyo, akachora nyota za kando yake, akangoja usiku wa pili. Kama doa limehama kati ya nyota, basi ndiyo yenyewe. Katika kazi hiyo, mwaka 1783 aligundua madoa kadhaa ambayo hayakuwa katika orodha.

Usiku mwingi hakuwa huru, maana alipaswa kukaa na kalamu, saa na taa akiandika namba ambazo William alimtajia kutoka darubini kubwa. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 1783, akikimbia gizani juu ya theluji, aliangukia kulabu ya chuma iliyomwingia mguuni juu ya goti. Waliomtoa walimwacha na kidonda kikubwa, na majuma kadhaa yalipita kabla ya kupona.

Mwezi wa nane mwaka 1786, William alikuwa safarini Ujerumani. Kwa mara moja Caroline alikuwa na usiku wake mwenyewe. Tarehe 1 aliona doa ambalo halikuwa katika orodha. Usiku uliofuata doa lilikuwa limehama. Mara moja aliandika barua kwa Chama cha Kifalme cha London, na barua hiyo ilichapishwa katika jarida lao. Mwaka uliofuata mfalme alianza kumlipa pauni 50 kwa mwaka. Alikuwa na miaka 37, na hizo ndizo fedha za kwanza alizoweza kuziita zake.

Mpaka mwaka 1797 alikuwa ameona nyota zenye mkia nane. Alipoona ile ya nane hakungoja posta. Alipanda farasi, akasafiri kilomita 40 hivi mpaka Greenwich kumwarifu mkuu wa kituo cha nyota cha mfalme. Mwaka 1798 Chama cha Kifalme kilichapisha kitabu chake kilichosahihisha orodha kubwa ya nyota ya Flamsteed, na kuongeza nyota zaidi ya 500 zilizosahauliwa.

William alifariki mwaka 1822, na Caroline alirudi Hannover. Huko, akiwa na zaidi ya miaka 70, alipanga upya maelfu ya madoa waliyoyaandika pamoja, kwa ajili ya John, mwana wa William. Kazi hiyo ilimletea medali ya dhahabu mwaka 1828. John alipokwenda Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, kutazama mbingu za upande wetu wa kusini, shangazi alimwandikia achunguze vizuri kundi la Nge. Caroline alifariki tarehe 9 mwezi wa kwanza mwaka 1848, mwenye miaka 97.

Wapendwa, tunasoma katika Zaburi kwamba mbingu zinamtangaza Mungu. Kwa miaka mingi binti huyu alikuwa na macho ya kuzisoma, lakini alikuwa akifuma soksi. Mungu alikuwa amekwisha kumpa kipawa hicho tangu Hannover. Kilichokosekana ni mtu wa jamaa atakayelipa bei ili kazi za jikoni zisimmalize, na atakayemwekea mkononi chombo, hata kidogo. William hakufanya hivyo bila faida yake mwenyewe, lakini alifanya.

Katika makanisa yetu tunaombea mabinti wetu, na ni vizuri. Basi tujiulize pia ni nani atakayechota maji badala yao saa ya masomo, na ni nani atakayelipa. Mashemasi, mama wa kanisa, na ninyi kaka mnaopata mshahara mjini, jambo hili liko mikononi mwenu. Mwaka wa shule ujao usitukute tukiwa hatujalijibu.