Louis Armstrong: tarumbeta, besiboli na safari ya Kongo

Ukitaja jazz mbele ya mzee wa Ngagara, aghalabu atakumbuka magitaa ya ng'ambo ya ziwa: African Jazz ya Kabasele, OK Jazz ya Franco, na akigeukia mashariki, Morogoro Jazz. Kwetu sisi neno hilo lilikuwa jina la bendi kabla ya kuwa jina la aina ya muziki. Lakini muziki wenyewe ulizaliwa New Orleans, mji wa bandari kusini mwa Marekani, na aliyeupa sauti ambayo dunia nzima iliitambua alikuwa mpiga tarumbeta Louis Armstrong.

Armstrong alizaliwa tarehe 4 Agosti 1901. Yeye mwenyewe aliishi akiamini kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, sikukuu ya uhuru wa nchi yake, na miaka mingi baada ya kifo chake kitabu cha ubatizo cha kanisa ndicho kilichosahihisha jambo hilo. Baba aliiacha familia mapema. Mama alihangaika, na mtoto naye akaingia kazini akiwa bado mdogo: alipanda mkokoteni wa familia ya Karnofsky, Wayahudi waliohamia huko kutoka Lithuania, wakiuza makaa ya mawe na kuokota vyuma chakavu. Alipuliza baragumu la bati kuwaita wateja, na familia hiyo ilimsaidia kupata chombo chake cha kwanza cha muziki. Hakuusahau wema huo hadi uzeeni.

Usiku wa kuamkia mwaka 1913 alifyatua bastola hewani barabarani kwa shangwe za sikukuu. Polisi walimkamata, akapelekwa katika nyumba ya kurekebishia watoto weusi. Huko mwalimu Peter Davis alimweka katika bendi ya watoto na kumfundisha koneti, nduguye mdogo tarumbeta. Alipotoka alikuwa na ufundi. Mwaka 1922 aliitwa Chicago na bingwa wake, Joe Oliver, na kati ya mwaka 1925 na 1928 akarekodi na vikundi vyake vya Hot Five na Hot Seven santuri zilizobadili mkondo wa muziki. Kabla yake bendi za jazz zilipiga kwa pamoja, kila chombo kikisukana na mwenzake. Baada yake mpigaji mmoja aliweza kusimama mbele na kusimulia habari yake peke yake, wenzake wakimtegemeza nyuma.

Mwaka 1931 ndio unaomfunua mtu huyu vizuri zaidi. Alirudi New Orleans baada ya miaka tisa, sasa akiwa na jina, na kupata kazi ya majira yote ya kiangazi katika ukumbi wa Suburban Gardens. Ukumbi ule ulikuwa wa wazungu. Usiku wa kwanza, mtangazaji wa redio aliyepaswa kumtambulisha kwa wasikilizaji alikataa kumtambulisha mtu mweusi. Armstrong akaikaribia maikrofoni, akajitambulisha mwenyewe, akapiga. Nje, juu ya tuta la mto Mississippi, watu weusi wengi walikuwa wamekaa gizani wakitegea sikio madirishani, kwa kuwa mlango haukuwa wao. Mwishoni mwa kipindi hicho alipanga onyesho kwa ajili yao, nalo likafutwa dakika za mwisho, watu wakiwa wameshakusanyika.

Ni katika kiangazi hichohicho alipojifadhilisha kwa jambo lililomfurahisha tangu utotoni, yaani besiboli. Mchezo huo haujaota mizizi kwetu, hivyo yafaa kuueleza kidogo. Kila upande una wachezaji 9. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, mpinzani wake huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kupitia vituo vitatu hadi kurudi pale alipoanzia. Mara nyingi hulazimika kujitupa chini na kuteleza vumbini ili akiwahi kituo kabla ya mpira. Armstrong alichukua timu ya vijana weusi wa mjini, akainunulia vifaa na sare mpya nyeupe. Timu iliitwa Secret Nine, yaani Tisa wa Siri, na jina la Armstrong likashonwa vifuani. Husimuliwa kwamba siku ya mchezo vijana walishindwa, kwa sababu hakuna aliyekubali kuteleza na kuchafua nguo nzuri namna ile. Mfadhili wao hakukasirika. Ilikuwa furaha yake kuisimulia habari hiyo.

Kisa hiki kinachekesha, ila kina uzito wake. Wakati ule ligi kuu za besiboli hazikumpokea mchezaji mweusi hata mmoja. Mlango huo ulifunguliwa tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn. Vijana wale wa mwaka 1931, hata wangekuwa hodari kiasi gani, hawakuwa na ngazi ya kupanda. Sare nyeupe mpya ndiyo heshima waliyoweza kupewa, na aliyewapa ni mtu ambaye wiki zilezile redio ilikataa kulitamka jina lake.

Mwaka 1943 mkewe Lucille alinunua nyumba ya kawaida katika mtaa wa Corona, jijini New York, nao wakaishi hapo hadi mwisho, ingawa alikuwa na uwezo wa kuhamia kwenye majumba ya matajiri. Watoto wa majirani walimjua kama mzee wa jirani. Ndani alikuwa na kinasasauti, na mapenzi yake kwa chombo hicho yalikaribia uraibu: aliacha tepu zaidi ya 600, zenye santuri alizozipenda, mazungumzo ya wageni, mizaha, na mazoezi yake mwenyewe. Maboksi ya tepu aliyapamba kwa picha alizokata magazetini na kuzibandika kwa mkono.

Mtu mwenye furaha ya namna hiyo huhitajiwa na wakubwa. Serikali ya Marekani iliona kwamba tarumbeta lake lingeweza kuitetea nchi ambayo bado iliwabagua watu wake weusi. Mwaka 1957, watoto weusi walipozuiwa kuingia shule huko Little Rock, Armstrong alimlaumu hadharani Rais Eisenhower na kujitoa katika safari ya Umoja wa Kisovieti aliyokuwa akiandaliwa. Wengi waliomdhani mchekeshaji tu walishtuka.

Hata hivyo mwaka 1960 alikubali safari ndefu ya Afrika iliyogharimiwa na serikali hiyo pamoja na kampuni ya Pepsi. Alipita Ghana na Nigeria, na pia Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwishoni mwa Oktoba aliingia Léopoldville, ambako watu walimbeba juu ya kiti kama mfalme. Wakati huohuo, katika mji uleule, Waziri Mkuu Patrice Lumumba alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake akizungukwa na askari. Mwezi uliofuata Armstrong alipiga Elisabethville, makao ya Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe. Alipenda kusimulia baadaye kwamba alisimamisha vita, maana pande zote ziliweka silaha chini kwa siku moja ili kumsikiliza. Huenda siku hiyo ilikuwa tulivu. Lakini tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa karibu na mji huohuo, na wanahistoria wameonyesha tangu hapo jinsi maofisa wa ujasusi wa Marekani walivyokuwa wakipanga mambo yao Kongo wakati ngoma zikipigwa. Mwangwi wa vita vile ulifika hadi kwetu: siku za mwisho za mwaka 1960 askari wa Mobutu walishushwa uwanja wa ndege wa Usumbura, kwa ridhaa ya Wabelgiji, ili wakaishambulie Bukavu.

Je, Armstrong alijua alivyotumiwa? Mwandishi huyu anaona kwamba alijua zaidi ya alivyoonyesha na kidogo kuliko ilivyotakiwa. Umati uliombeba haukuwa umeletwa na serikali yoyote, na hilo nalo ni sehemu ya ukweli.

Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 62, wimbo wake Hello, Dolly! uliwaondoa Beatles kileleni mwa chati za Marekani. Mwaka huohuo uwanja mkubwa wa besiboli, Shea Stadium, ulifunguliwa jirani na mtaa wake. Alifariki usingizini nyumbani kwake Corona tarehe 6 Julai 1971. Nyumba hiyo leo ni makumbusho, na tepu zake zimehifadhiwa. Shea Stadium ilibomolewa mwaka 2009. Ng'ambo kidogo tu ya hapo kungali na uwanja wenye jina la Louis Armstrong tangu mwaka 1973, ila unaochezwa humo ni tenisi.