Thaddeus Stevens, Mtetezi wa Skuli za Masikini

Tumeona ni vyema kuwaeleza khabari za mtu huyu, ili wazizingatie wenye kutoa kura na wenye kuzipokea.

Alizaliwa Vermont, Marekani, mwaka 1792, akiwa na kilema cha mguu. Baba yake aliihama nyumba. Mama yake, Sarah, akahangaika kwa mikono yake hata mwanawe akahitimu katika chuo cha Dartmouth mwaka 1814. Kisha akahamia Pennsylvania, akawa wakili mjini Gettysburg, na mwaka 1833 akachaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la jimbo hilo.

Mwaka 1834 jimbo lilipitisha sheria ya skuli zisizo na ada kwa watoto wote. Walipa kodi wengi walighadhibika, wakapeleka maombi chungu nzima, na Seneti ya jimbo ikapiga kura ya kuifuta. Aprili 11, 1835, Stevens akasimama mbele ya wajumbe wenzake akaitetea. Nyoyo zikageuka, na sheria ikabaki.

Baadaye, katika Bunge la Marekani, alipigania kukomeshwa utumwa, jambo lililotimia mwaka 1865. Alikufa mwaka 1868, akazikwa Lancaster katika makaburi aliyoyachagua mwenyewe kwa kuwa hayakubagua rangi.

Hakuoa maisha yake. Watoto aliowatetea walikuwa wa watu. Nasi twajiuliza: miongoni mwa tuwapao kura zetu, ni nani atakayesimamia elimu ya mtoto wa masikini hali waliomchagua wamemkasirikia?